Kilo Tatu za Kwenye Karatasi

Swali lilikuja kwa simu. Daktari mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, mwanamke mwenye miwani ya bluu, lakini maneno yake yalipita kwanza kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, kwa mkalimani ambaye sikumwona hata siku moja. Sauti ya mwanaume wa Bukavu.

"Mama, doktoro anauliza, mutoto alizaliwa na kilo ngapi?"

"Tatu," nikasema.

Binti yangu alikuwa pembeni yangu, miaka kumi na miwili, viatu vya msaada vinambana vidole. Aligeuka akaniangalia. Daktari akaandika, tukaendelea na mambo ya chanjo.

Hiyo ilikuwa Louisville, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, wiki yetu ya tatu Amerika. Na ilikuwa uongo. Alizaliwa na kilo moja na gramu mia nane. Hiyo namba naijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa, maana tarehe yangu walinipa tu kambini, wakaniandikia ya kwanza Januari kama watu wote.

Tulikuwa kambini Tanzania, sisi watu wa Fizi tuliokimbia. Nilikuwa nimezika watoto wawili kabla yake. Mimba yake niliibeba na malaria mara tatu, mwaka ambao walikata posho ya chakula ikabaki nusu. Miezi yake ilitimia yote, hakuna aliyeweza kusema aliharakishwa. Alitoka tu mdogo. Materinite, wodi ya wazazi, walimweka kwenye mizani, sista mmoja muuguzi akaangalia, akamtoa, akamweka tena, akidhani mizani imekosea.

Mkunga mmoja mzee wa kwetu alimfunga uzi mweusi kiunoni. Kwetu mtoto hupimwa hivyo. Uzi ukianza kubana, unajua anaongezeka, unaufungua na kufunga fundo jipya mbele zaidi, la zamani linabaki kama alama. Mchungaji hakupenda. Alisema ni hirizi. Nikamjibu, "Baba mchungaji, hirizi inalinda. Huu haulindi kitu, huu unapima tu."

Nilimbeba kifuani ndani ya kitenge miezi mitatu, usiku na mchana, nikimwomba Mungu kwa sauti ndogo ili nisimwamshe. Uzi ulipobana mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya nyumba ya udongo. Alipofikisha mwaka nilienda mbele ya kanisa na ule uzi mkononi, na fundo la kwanza bado linaonekana. Nikasema, kiuno chake kilikuwa hivi, na sasa mtazameni. Kanisa likalipuka. Tangu hapo kila mwaka, wiki yake ya kuzaliwa, nilitoa ushuhuda huo. Yeye anasimama, mimi nanyoosha uzi, watu wanasifu. Uzi wenyewe niliutunza ndani ya daftari langu la mahubiri.

Sasa hizi kilo tatu zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mahojiano ya safari ya kuja Amerika. Kabla ya mahojiano kambi nzima inakuwa shule. Kila mtu anakufundisha cha kusema. Jirani yetu alitaja watoto wanne mara ya kwanza, mara ya pili akataja watano, kwa sababu alikuwa amemwongeza wa marehemu ndugu yake. Dosye yake, faili la safari, ikalala miaka na miaka. Basi sote tulishika mambo mawili kama sala. La kwanza, wote ni wazima, hakuna aliyewahi kuugua. La pili, ulichosema kwanza ndicho utakachosema mpaka mwisho, kila mahali, kwa kila mtu mwenye kalamu. Yule mama wa mahojiano aliuliza uzito wa kuzaliwa, nikatoa namba ya mtoto mzima. Tatu. Hakuinua hata kichwa.

Kwangu daktari wa Louisville alikuwa mtu mwenye kalamu. Sikujua kwamba kalamu za Amerika haziko kwenye mfuko mmoja.

Tulipangiwa nyumba upande wa Highview, jengo la ghorofa mbili nyuma ya maduka. Mume wangu aliingia kiwandani, mimi ghalani, kupanga maboksi. Mtoto alikula. Jamani, alikula! Na mimi nilifurahi kumwona anakula. Maziwa, mayai, fufu, sombe ya majani ya muhogo na mafuta, kuku wa oveni, juisi ya machungwa kwenye chupa kubwa kama ndoo. Kila nguo iliyombana ilikuwa kwangu kama ule uzi unaobana. Nilikuwa nasema asante Yesu huku nanunua nguo kubwa zaidi.

Mwaka haujaisha, sista wa shule akapiga simu. Tansio ya mtoto, presha ya damu, iko juu. Nikasema mashine imeharibika, tansio ni ya wazee. Wakampima siku tatu tofauti. Kliniki wakanipa karatasi yenye picha ya sahani, imegawanywa vipande. Ugali haukuwemo kwenye ile picha. Mume wangu aliigeuza akaangalia nyuma.

"Kambini walitupa unga wa soya ili anenepe," akasema. "Huku wanatupa karatasi ili akonde. Na karatasi yenyewe haina hata chumvi."

Tulicheka. Mtoto hakucheka.

Jioni mbili kwa wiki nilienda darasa la Kiingereza, chumba cha nyuma pale kwenye maduka, taa zinalia kama mbu. Nilikaa na mama mmoja mfupi wa Guatemala. Yeye ni wa watu wa Maya, wa kijijini milimani, na Kihispania chenyewe kwake kilikuwa lugha ya kujifunza, kama Kiingereza kwangu. Hatukuwa na lugha ya pamoja ila ile mbovu tuliyofundishwa hapo, na tulielewana sana. Siku moja mwalimu akasema, kila mtu aeleze mtoto wake. Yule mama akatoa mfuko wa plastiki kwenye blauzi. Ndani ya plastiki, karatasi. Ndani ya karatasi, kadi imekunjika mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ilikuwa kadi ya mwanawe. Uzito wa kuzaliwa ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nyekundu, kilo mbili kasoro.

Alinieleza kwa vidole na kwa maneno machache. Huko kwao watoto wengi wanazaliwa wadogo, kama kwetu. Mhudumu wa afya wa kijiji alimwambia, mtoto aliyezaliwa mdogo, halafu baadaye akanenepa haraka, moyo wake uangaliwe, na sukari yake. Alipoondoka kwao aliacha vyungu, akaacha mama yake, hiyo kadi hakuiacha. Kila daktari anamwonyesha kwanza kadi, ndipo anakaa.

Akanigusa mkono. "Wako? Kilo?"

Mwalimu alikuwa amesimama karibu na kalamu yake.

"Tatu," nikasema.

Akapiga makofi. "Mkubwa! Nzuri!" Na alifurahi kwa kweli, macho yake yakajaa furaha yangu ya uongo. Nimewahi kudanganya askari barabarani, na sikujisikia vile.

Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Nilienda nyumbani nikimwangalia mtoto anavyopanda ngazi, anavyosimama katikati kupumua. Nilijua kitu ambacho daktari hakukijua. Nikaomba. Na kuomba kwangu, niseme ukweli, kulikuwa kumwambia Mungu afanye kazi ambayo mdomo wangu ungeifanya kwa dakika moja.

Kiwanda cha mume wangu kilipopunguza watu tukahamia Columbus, aliko dada yangu mkubwa. Huko ndiko shingo ilipoanza. Nyuma ya shingo ya binti yangu ngozi ikawa nyeusi, nene, kama kola ya vumbi. Nikasema huyu ameanza uvivu wa kuoga. Nikamkalisha bafuni kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikachukua dodoki na sabuni ya kufulia.

"Mama, inauma."

"Inauma kwa sababu ni chafu."

"Nimeoga, Mama. Naoga kila siku!"

"Kaa."

Nikasugua mpaka ngozi ikachubuka, ikatoa maji. Weusi haukutoka. Kesho yake nikasugua tena. Wiki mbili nilifanya hivyo, na yeye akaanza kuvaa sweta la kofia hata ndani ya nyumba.

Daktari wa Columbus alifunua ile shingo, akaona makovu, akanitazama muda mrefu. Kisha akaeleza kwa simu yao kwamba ule si uchafu. Damu inapokuwa na shida ya sukari, ngozi hujionyesha pale. Sukari bado haijawa ugonjwa, ila iko njiani, na tansio bado iko juu. Akamgeukia binti yangu. Mnakula nini? Soda ngapi? Chipsi? Unacheza? Mtoto alijibu kwa Kiingereza, chini chini, akiangalia magoti. Daktari alikuwa mpole. Lakini kila swali lilikuwa linasema, ni wewe, ni mdomo wako.

Na karatasi mbele yake ilikuwa inasema kilo tatu, maana dosye ilikuwa imetufuata kutoka Louisville.

Nilikwenda kwa dada yangu. Alikuwa anasonga ugali, mgongo kwangu.

"Yaya, dada, kama nimwambie tu daktari ukweli wa zile kilo?"

Mwiko ukasimama. "Ukweli gani? Uko na wazimu? Mulisema tatu kule, ni tatu. Hata Yesu akirudi kesho, ni tatu."

"Yesu anajua ni moja na mia nane."

"Yesu haingiye mu kompyuta yao! Bon, wewe sema. Utaona barua. 'Mama, ulitudanganya kilo, ulitudanganya na nini ingine?' Halafu mutarudi kambini na huyo mutoto na tansio yake. Kule atapata dawa wapi?"

Ningeenda kwa nani kuuliza? Kila mtu niliyemjua alikuwa ametoka kwenye shule ile ile ya kambi.

Binti yangu aliacha kula chakula cha mchana shuleni. Sikujua mpaka mwalimu aliponiita na kunionyesha. Alikuwa anakimwaga kila siku. Jioni anarudi anatetemeka na anakula kila kilichopo, amesimama, mlango wa friji uko wazi. Nilimgombeza. Nilimwambia maneno ambayo daktari hakuyasema. Nilimwita mlafi. Mimi, niliyemlisha kwa kijiko, niliyemnunulia nguo kubwa kwa shangwe.

Mwaka uliofuata mume wangu akapata kazi nzuri zaidi Buffalo, tukahama tena. Tulipata ghorofa ya juu mtaa wa Riverside, nyumba ya mbao, na upepo wa mto unaingia kwenye madirisha hata ukiziba na matambara. Binti yangu sasa alikuwa na miaka kumi na minne. Madaktari wa huko hawakupoteza muda. Walimpiga picha ya figo kwa ile mashine ya wajawazito, wakaona figo ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Mtoto aliyezaliwa mzima, kilo tatu, mbona figo ndogo? Labda mshipa umebana. Basi wakapanga kumlaza hospitali, wamchome sindano ya usingizi, wapitishe mrija kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye figo wakaangalie. Alhamisi niende kutia sahihi.

Niliposikia "paja" na "mrija" sikulala vizuri tena.

Na wiki hiyo hiyo ilikuwa wiki yake ya kuzaliwa.

Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi, ibada alasiri baada ya Wazungu kutoka. Wakongomani wengi, Warundi, na Wakenya wachache. Ndani ya gari binti yangu alisema kwa Kiingereza, na hicho nilikielewa chote, kwamba mwaka huu hasimami.

"Humsimamii mtu. Unamsimamia Mungu," nikamwambia.

Nilipoitwa mbele niliutoa uzi, nikasema namba yangu kwenye maikrofoni, kilo moja na gramu mia nane. Nikamwita kwa mkono. Alikaa. Nikamwita tena. Watu wakageuka, ikabidi asimame, mikono imefunga kifua, kofia ya sweta kichwani. Vigelegele. Baba mmoja wa nyuma, mtu wa utani sana, akapaza sauti, "Ile ilikuwa kilo moja? Leo ni gunia, Mungu ni mukubwa!" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi pia nilikuwa nimeanza kucheka, ndipo nikauona uso wake. Akakaa. Akavuta kofia mpaka machoni.

Alhamisi tukaingia kliniki. Mlango ukafunguliwa na sista mpya, Mwafrika, kijana wa miaka thelathini hivi, hereni za shanga. Nilizijua zile hereni. Siku ya Jumapili zilikuwa safu ya nyuma yangu. Alikuwa mmoja wa wale Wakenya.

"Karibu Mama, karibu sana. Leo hakuna haja ya ile simu, tutaongea tu Kiswahili." Akamfunga binti yangu mkanda wa tansio mkononi, akasoma, akaandika. Kisha akapitia kompyuta, akiniuliza mambo ili ahakikishe, moja moja. Majina. Aleji. Akafika pale. Nikaona macho yake yamesimama. Akasoma tena. Akainuka akafunga mlango.

"Mama, Jumapili nilikuwa nimekaa nyuma yako."

Nikaukumbatia mkoba wangu. "Ndiyo, sista."

"Hapa wameandika kilo tatu."

"Ndiyo."

"Na kanisani ulisema moja nukta nane."

Niliona barua. Niliona ndege, nikaona ile nyumba ya udongo.

"Mama, sikiza. Hii ni kliniki, sio uhamiaji. Hii kompyuta haiendi kwao. Nakuapia."

"Usiape," nikasema. Ni hilo tu nililoweza kusema. Mwanamke anataka kuniokoa na mimi namsahihisha kiapo.

"Sawa, siapi. Lakini daktari anataka kumpeleka huyu msichana kulazwa kwa sababu hajui figo zake ni ndogo kwa nini. Wewe unajua?"

Mkanda bado ulikuwa kwenye mkono wa binti yangu. Alikuwa anauangalia ule mkanda. Mwaka mzima alikuwa amenijibu kwa Kiingereza tu. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha kambi:

"Mama, sema. Mimi nimechoka kuwa wawili."

Nikafungua mkoba. Nikatoa daftari la mahubiri, nikatoa uzi, nikauweka mezani mbele ya sista. Sista aliunyoosha, akaweka vidole kwenye fundo la kwanza, akaona duara lilivyo dogo. Ndipo nikasema. Kilo moja na gramu mia nane, miezi kamili, malaria mara tatu, nusu posho. Na mahojiano. Na dodoki pia, ingawa hakuniuliza.

Daktari akaja. Akakaa kwenye kiti kidogo cha magurudumu, akazungumza na binti yangu zaidi kuliko mimi, na sista akanifasiria. Kwamba mtoto akikosa chakula tumboni mwa mama, mwili wake unajifunza kubana matumizi. Figo zinajengwa ndogo, mishipa inakuwa migumu, na mwili unaishi ukisubiri njaa. Halafu njaa haikuja, kikaja chakula kingi kwa haraka, na mwili haujui kukitumia, unakiweka. Si kila mtoto mdogo inamtokea hivyo, na chakula bado kina sehemu yake. Lakini si uchafu na si ulafi. Mrija usubiri. Wataanza na kidonge kidogo, na kupima kila mwezi.

Binti yangu aliuliza swali moja, kwa Kiingereza, na sista hakulifasiri. Niliuliza amesema nini.

"Ameuliza kama yeye alikuwa na kosa lolote," sista akasema. "Daktari amemwambia hapana."

Nilitaka kumshika shingo, pale penye makovu. Akasogea. Hakusogea kwa hasira. Alisogea tu.

Kidonge anameza mpaka leo. Tansio imeshuka kidogo, haijashuka yote. Wakati mwingine inapanda tena na ule mrija unatajwa tena. Miezi mingi nilikuwa nafungua sanduku la barua nikitafuta ile barua ya kuturudisha kambini, na sikumwambia dada yangu nilichofanya mpaka baridi ilipopita. Uzi ameuchukua yeye. Alisema nisiuonyeshe tena watu bila kumwuliza, na wiki yake ya kuzaliwa iliyofuata mchungaji aliponitazama niende mbele, nilitikisa kichwa.

Lakini dosye za nyuma zilibaki na uongo wangu. Sista alisema atazirekebisha yeye. Nikakataa. Nimeandikisha mwenyewe, nitafuta mwenyewe. Columbus nilipiga Jumatatu. Jumanne nikapiga Louisville, kwenye kliniki ya yule daktari wa miwani ya bluu, nikiwa nimeiandika sentensi yangu kwenye daftari kwa Kiingereza cha darasa la jioni. Binti yangu alikaa upande wa pili wa meza ya jikoni na kazi zake za shule, kofia ya sweta imeshuka.

Yule wa mapokezi aliniuliza kama nataka mkalimani. Nikasema hapana. Nikasoma sentensi yangu. Nilisema uzito wa binti yangu vibaya. Nataka kusahihisha.

Akaniuliza ulikuwa ngapi.

Nikamwambia. Hakusikia vizuri, akaniomba nirudie, na binti yangu akainua kichwa akaniangalia kama alivyoniangalia ile siku ya kwanza.

Nikarudia, polepole, kwa sauti.